Mashine ya kuondolea theluji kwenye njia ya gari nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mashine za kuondolea theluji zinafanana machoni, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotea. Mmoja ananunua kubwa kuliko zote, kisha hawezi kuigeuza uani. Mwingine ananunua ndogo kwa sababu ya bei, na inakwama siku ileile aliyoihitaji. Ninalolisisitiza katika majibu yote ya hapa chini ni hili: pale pabaya kuliko pote kwenye njia yako ndipo panapochagua mashine. Mashine ikipaweza hapo, kwingine itapita tu.

Nianzie wapi kabla hata ya kutazama mashine?

Anzia nje, na tepu ya kupimia mkononi. Pima urefu na upana wa njia, kisha ongeza kila sehemu nyingine unayotaka kuisafisha: mahali pa kugeuzia gari, kijia cha kwenda mlangoni, mbele ya stoo. Sehemu hizo ndogo husahaulika, halafu mtu anashangaa mbona kazi haiishi.

Chukua njia yenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 5. Hizo ni mita za mraba 75. Ikianguka theluji ya sentimita 20, una mita za ujazo 15 za kuhamisha. Theluji kavu iliyoanguka muda si mrefu huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mzigo wako haufiki tani mbili. Theluji iliyolowa, kwa kina hichohicho, inaweza kufika kilo 300 kwa mita ya ujazo, na hapo umeshafika tani nne na nusu. Ndiyo maana nakushauri ujue kwanza unapoishi huanguka theluji ya aina gani, ndipo uulize inaanguka sentimita ngapi.

Ukimaliza kupima, tazama ardhi yenyewe ni ya nini: lami, zege, vitofali au changarawe. Tazama inainamia wapi, na theluji utaitupa upande gani. Pima pia mlango wa mahali utakapoiweka mashine. Hilo linaonekana jambo dogo mpaka mashine imeshushwa kwenye gari na haipiti.

Je, beleshi halitoshi?

Kwa wengi linatosha. Kama njia yako inabeba gari moja au mawili na theluji huanguka mara chache kwa msimu, nunua beleshi pana la kusukumia na uache mashine dukani.

Ila kuna jambo la afya ambalo silipitii juujuu. Kuinua theluji kwa beleshi kunapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu ghafla, na baridi nayo inabana mishipa ya damu. Mambo hayo mawili yakikutana kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyekaa miezi mingi bila mazoezi, hatari ni ya kweli. Mtu wa namna hiyo azungumze na daktari wake kabla ya msimu kuanza. Na asidhani mashine inamwondolea kazi yote, kwa sababu kuigeuza mashine ya kilo 100 kwenye theluji iliyolowa ni kazi ya misuli pia.

Hatua moja, hatua mbili, hatua tatu: tofauti ni nini?

Hatua ni idadi ya vifaa ambavyo theluji inapitia ndani ya mashine kabla haijarushwa nje.

Ya hatua moja ina parafujo moja linalozunguka kwa kasi. Parafujo hilo hilo linaikusanya theluji na kuirusha kupitia bomba la juu. Mabapa yake yana ukingo wa mpira unaogusa ardhi, kwa hiyo yanakwangua hadi lami ionekane, na mkwaruzo huohuo wa mpira unasaidia kuivuta mashine mbele. Magurudumu kwa kawaida hayasukumwi na injini. Upana wake ni sentimita 45 hadi 56 hivi, na inafanya kazi vizuri kwenye theluji isiyozidi sentimita 20. Ni nyepesi, inageuka kirahisi, na haidai nafasi kubwa stoo.

Ya hatua mbili imegawa kazi. Mbele kuna parafujo kubwa la chuma linalozunguka taratibu, linalovunja theluji na kuisukumia katikati, kama parafujo la kinu cha kusagia nyama. Nyuma yake kuna feni inayoipokea na kuirusha kwa nguvu. Parafujo lenyewe haligusi ardhi: mashine inakaa juu ya viatu viwili vya chuma, kimoja kila upande, ambavyo unavipandisha au kuvishusha. Magurudumu yanaendeshwa na injini, na kuna gia za kwenda mbele na kurudi nyuma. Upana wa zile za nyumbani ni sentimita 61 hadi 76, mdomo wake, pale theluji inapoingilia, una kimo cha sentimita 50 hivi, na uzito ni kilo 80 hadi 120, nyingine zaidi.

Ya hatua tatu inaongeza parafujo la pili katikati, linalozunguka kwa kasi na kuisaga theluji kabla haijafika kwenye feni. Inasaidia pale theluji ni nzito na nyingi sana. Kwa njia ya kawaida ya nyumbani, mimi naona ya hatua mbili iliyotengenezwa vizuri inatosha.

Wazo la kukusanya kwanza kisha kupuliza ni la zamani. Arthur Sicard, wa jimbo la Quebec nchini Canada, alikamilisha mashine yake mwaka 1925. Ilibebwa na lori, ikiwa na sehemu ya kuchota theluji na sehemu ya kuipuliza yenye injini yake. Mwaka 1927 aliiuza kwa mji wa Outremont. Mashine za leo za hatua mbili bado zinafuata njia hiyohiyo.

Njia yangu ni ya changarawe. Ninunue ipi?

Ya hatua mbili. Mashine ya hatua moja inagusa ardhi, kwa hiyo itaokota mawe na kuyarusha pamoja na theluji kuelekea kwenye kioo cha gari, dirisha la jirani, au mtu. Kwa hatua mbili unashusha vile viatu vya chuma ili mdomo uinuke sentimita mbili na nusu au tatu juu ya ardhi. Utaacha tabaka jembamba la theluji chini, na liache hapo. Likishindiliwa na kuganda, litazishika kokoto zisiokotwe siku nyingine. Theluji ya kwanza ya msimu ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu ardhi bado haijaganda na mawe yanatoka kirahisi.

Kwenye lami au zege laini, kinyume chake: pandisha viatu, ubakize milimita chache tu. Kama lami yako ina nyufa zilizoinuka au vitofali vilivyokaa vibaya, ongeza kidogo, maana bamba la kukwangulia litajigonga kila mara.

Watu wanasema shida kubwa ni mdomoni mwa njia, pale greda inapopita. Ni kweli?

Ni kweli kabisa, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Greda inaposafisha barabara, inasukuma theluji pembeni, na tuta lake linaziba mdomo wa njia yako. Tuta hilo ni kitu tofauti kabisa na theluji iliyolala mbele ya nyumba. Limeshindiliwa, limelowa, lina mabonge ya barafu, na mara nyingi limechanganyika na chumvi au mchanga wa barabarani. Linaweza kufika kimo cha goti wakati njia yenyewe ina sentimita 15 tu. Usiku likiganda, asubuhi linakuwa gumu kama jiwe.

Mashine nyingi ndogo zinazosifiwa kwenye theluji laini zinashindwa hapa. Mabapa ya mpira yanadunda juu ya tuta badala ya kulila. Kwa hiyo kama unaishi kwenye barabara inayosafishwa na greda, na inapita zaidi ya mara moja kwa siku, pima mashine yako kwa tuta hilo. Parafujo la chuma, magurudumu yenye nguvu ya injini na mdomo ulio juu kuliko tuta ndivyo unavyovihitaji, hata kama njia yako ni fupi. Na kama barabara yako haina greda, au inakuachia tuta dogo unaloliweza kwa beleshi kwa dakika kumi, basi mashine ndogo inaweza kukutosha vizuri hata kwa njia ndefu kidogo.

Namna ya kulishughulikia: liwahi kabla halijaganda. Tumia gia ya chini kabisa, injini ikiwa kwenye mwendo wake kamili, na ule nusu ya upana wa mdomo kwa kila mkupuo. Mabonge makubwa yavunje kwanza kwa beleshi. Usiiparamishe mashine juu ya tuta, kwa sababu mdomo ukiinuka unarusha mabonge hovyo na unapoteza udhibiti.

Kuna mbinu moja inayopunguza tuta lenyewe. Ukisimama mdomoni, tazama greda hutokea upande gani. Upande huo, pembeni mwa barabara kabla ya njia yako, safisha kishimo cha mita chache. Greda itakapopita, sehemu ya theluji iliyo kwenye bapa lake itaangukia hapo kabla haijafika kwako. Theluji unayoitoa itupe ndani ya uwanja wako mwenyewe, kamwe isiwe barabarani. Sehemu nyingi ni kosa kisheria, na kila mahali ni hatari kwa wanaopita.

Ya petroli, ya betri, au ya waya wa umeme?

Ya waya ni nyepesi na rahisi kutunza, na haichoki maadamu umeme upo. Shida yake ni waya wenyewe. Unautembeza kila upande, na ukiteleza ukaingia mdomoni mwa mashine, kazi imeisha na hatari imeanza. Tumia waya mnene wa nje uliotengenezwa kwa baridi, kwenye soketi yenye kinga inayokata umeme ukivuja. Waya mwembamba na mrefu unapunguza nguvu na kuunguza mota. Inafaa kijia, veranda na njia fupi.

Ya betri imekuwa chaguo la kweli kwa nyumba nyingi. Haina moshi, haina kamba ya kuvuta, kelele yake ni ndogo, na inawaka asubuhi ya baridi kwa kubonyeza tu. Lakini usidanganywe na volti. Muda wa kufanya kazi unatokana na nishati iliyomo, yaani volti mara ampea-saa. Betri ya volti 56 na ampea-saa 5 ina wati-saa 280. Ya volti 80 na ampea-saa 2.5 ina 200 tu, japo namba yake ya kwanza inaonekana kubwa. Fanya hesabu hiyo dukani kabla ya kulinganisha bei, na uulize bei ya betri ya ziada, kwa sababu huenda ukaihitaji.

Baridi inapunguza uwezo wa betri ya lithiamu. Iweke ndani ya nyumba, uifunge kwenye mashine unapoanza kazi, na usiichaji ikiwa na baridi ya chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwani kuichaji hivyo kunaiharibu moja kwa moja. Ukisoma kwamba betri inasafisha njia ya ukubwa fulani, jua hiyo ni kwa theluji nyepesi. Kwa theluji nzito, tegemea sehemu tu ya eneo hilo.

Ya petroli bado ndiyo ya njia ndefu, theluji nzito na tuta kubwa. Ikiisha mafuta unaongeza na kuendelea. Gharama yake ni matunzo, kelele na moshi. Za siku hizi nyingi ni za mipigo minne: petroli na oili zinakaa mbalimbali, na oili ya 5W-30 ndiyo inayopendekezwa kwa nyingi. Mashine kuukuu za mipigo miwili zinataka oili ichanganywe na petroli kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukikosea kati ya hizo mbili, unaua injini.

Ushauri wangu: njia ya gari mawili, theluji ya sentimita 15 hadi 20, tuta la wastani, nunua ya betri na uwe na betri mbili. Zaidi ya hapo, petroli.

Ukubwa wa injini una maana kiasi gani?

Una maana ukilinganishwa na upana. Injini ya cc 200 hivi inalitosha parafujo la sentimita 61. Kwa sentimita 71 hadi 76, tafuta cc 250 hadi 300. Mashine pana yenye injini ndogo inavutia kwa bei, lakini kwenye theluji iliyolowa itakulazimu ule nusu ya upana wake, na hapo upana uliolipia haukusaidii.

Wanaoishi milimani wakumbuke kwamba injini ya petroli inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, na huenda kabureta ikahitaji kurekebishwa. Ongeza nguvu kidogo unapochagua.

Umbali wa kurusha unaoandikwa kwenye boksi ni wa theluji kavu. Usiujengee matumaini.

Je, mashine pana inamaliza kazi haraka?

Kidogo kuliko inavyoonekana. Kwa njia ya upana wa mita 5, mashine ya sentimita 61 itapita mara tisa, na ya sentimita 76 mara saba. Mipito hiyo miwili unaiokoa ukiwa na njia ndefu na iliyonyooka. Kwenye uwanja mfupi wenye kona na magari yaliyoegeshwa, muda mwingi unaisha kwenye kugeuza, na mashine nyembamba inageuka upesi zaidi. Na tena, inapita getini.

Njia yangu ina mteremko. Nahitaji nini?

Magurudumu yanayosukumwa na injini ni lazima, na gia ya kurudi nyuma pia. Ya hatua moja inaweza kupanda mteremko mdogo kama unaisukuma, lakini itakuchosha. Tairi zenye meno makubwa zinatosha mara nyingi. Zikiteleza, unazifunga minyororo. Zipo pia mashine zinazotembea kwa mikanda ya mpira badala ya tairi. Zinashika ardhi vizuri mno na hazinyanyui pua kwenye theluji ngumu, ila ni nzito, ghali, na zinakwenda taratibu. Kwa mteremko mkali na mrefu zinastahili bei yake.

Safisha kwa kupanda na kushuka, usikate mteremko kwa ubavu.

Vikorombwezo vipi vinafaa kulipiwa?

Cha kwanza ni vishikio vya kugeuzia, vidogo vilivyo chini ya mipini: ukibana cha kulia, gurudumu la kulia linaachiwa na mashine inageukia huko. Kwenye mashine ya kilo 100 hilo ndilo linaloamua kama mgongo utauma kesho. Ningekilipia hiki kabla ya chochote.

Kingine ni kuweza kuelekeza bomba bila kusimamisha mashine, pamoja na kifuniko chake cha juu kinachoamua theluji iruke mbali au karibu. Starta ya umeme kwa injini ya petroli ni msaada mkubwa siku ya baridi kali. Taa ni muhimu ikiwa unasafisha kabla ya mapambazuko. Mipini yenye joto ni starehe nzuri, na kwa mwenye ganzi ya vidole ni zaidi ya starehe.

Bomba likiziba nifanye nini?

Zima injini kabisa. Ondoa ufunguo, au betri, au chomoa waya. Subiri kila kitu kisimame. Kisha tumia kijiti cha kuzibulia kilichokuja na mashine, au mpini wa ufagio. Usiingize mkono. Usiingize mkono hata injini ikiwa imezimwa, hata ukiwa na glavu nene.

Sababu yake ni hii. Theluji iliyojibana inaweza kuishikilia feni wakati mkanda unaoizungusha bado umekazwa. Unapoitoa ile theluji, nguvu iliyobaki kwenye mkanda inaachiwa na feni inazunguka, robo mzunguko au nusu. Hiyo inatosha kukata vidole. Ndiyo ajali inayojulikana zaidi ya mashine hizi, na inawapata watu wenye akili zao timamu, wenye uzoefu, waliochoka na wanaoharakia kazini. Naomba uwaambie pia watakaoitumia mashine nyumbani kwako.

Ili lisizibe mara kwa mara: usipunguze mwendo wa injini, punguza mwendo wa kutembea na upana unaoula. Puliza dawa ya silikoni ndani ya bomba na kwenye feni kabla ya kuanza, theluji itateleza. Theluji ikiwa imelowa sana, toka mara mbili wakati bado inaanguka, kuliko kungoja iwe sentimita 25 za uji.

Hatari nyingine za kuzijua ni zipi?

Moshi wa injini ya petroli una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Usiiwashe mashine ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Itoe nje, kisha iwashe.

Usiongeze petroli injini ikiwa ya moto. Vaa kinga ya masikio. Usivae skafu inayoning'inia. Watoto na wanyama wabaki ndani, na bomba lisielekezwe kwa mtu, gari au dirisha. Kile kishikio ambacho ukikiachia parafujo linasimama kimewekwa kukulinda, kwa hiyo usikifunge kwa kamba.

Kabla ya theluji ya kwanza, okota mawe, mipira ya watoto, mikeka ya mlangoni na mipira ya maji. Chomeka vijiti virefu kwenye kingo za njia ili uzione zikishafunikwa.

Zile pini zinazokatika, ni kasoro?

Hapana. Zimewekwa zikatike. Parafujo likigonga jiwe au bonge la barafu, pini laini inakatika na giaboksi inapona. Nunua pini za akiba za mashine yako siku unayonunua mashine, uziweke stoo pamoja na spana yake. Usitie bolti ngumu ya kawaida badala yake, maana safari ijayo kitakachovunjika ni giaboksi.

Matunzo ni makubwa?

Kwa ya petroli, adui mkuu ni petroli iliyolala. Ikikaa zaidi ya mwezi inaanza kuharibika na kuacha utando ndani ya kabureta, na ndiyo sababu ya kwanza mashine kukataa kuwaka msimu mpya unapoanza. Tia dawa ya kuhifadhi petroli tangu unaponunua mafuta. Msimu ukiisha, ondoa petroli yote na uiache injini iwake mpaka ijizime. Badilisha oili mara moja kwa msimu, kagua plagi, mkanda na upepo wa tairi. Tairi zenye upepo usiolingana zinaifanya mashine ivute upande mmoja na kukwangua vibaya, na watu hulaumu giaboksi bure.

Viatu, bamba la kukwangulia na mabapa ya mpira vinalika. Ni vya kubadilishwa, na bei yake si kubwa.

Ukimaliza kazi kila siku, iache mashine izunguke dakika moja bila theluji, ili unyevu utoke kabla haujaganda ndani.

Naweza kununua iliyotumika?

Ndiyo, na mashine nzuri ya hatua mbili iliyotunzwa inaweza kuishi miaka mingi. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa tahadhari: ikiwa ina joto, huenda anaficha ugumu wa kuwaka ikiwa baridi. Sikiliza ikiwaka, kisha weka gia zote, za mbele na nyuma. Injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa, litikise parafujo: likicheza sana, beringi zimekwisha. Tazama kama giaboksi ya mbele inavuja oili, kama pini zilizopo ni za asili, na kama bati la mdomo limeoza kwa kutu. Hakikisha vipuri bado vinapatikana. Kama havipatikani, iache hata kama bei ni ya kutupa.

Ninunue wakati gani wa mwaka?

Majira ya baridi yanapoisha, au kabla hayajakaribia. Baada ya dhoruba ya kwanza, zinazobaki dukani ni zile ambazo wengine hawakuzitaka, na fundi naye hana nafasi.

Inaweza kuondoa barafu?

Haiwezi. Imetengenezwa kuchota theluji, na ukiilazimisha kwenye tabaka la barafu itateleza juu yake au itakata pini. Barafu inashughulikiwa kwa chumvi, mchanga au chombo cha kupasulia. Lililo mikononi mwako ni kuizuia isijengeke: safisha kabla gari halijapita, kwa sababu theluji iliyokanyagwa na tairi inashindiliwa, inaganda, na mashine yoyote ile itaiacha hapohapo ikiwa mistari miwili migumu kuanzia barabarani hadi mlangoni.